Tanuru Langu Juu ya Mlingoti

Sikiliza, mimi sina ugomvi na mbingu. Waamerika wakitaka kupanda kule, wapande. Ugomvi wangu ni na Onema, katibu wa chama katika mtaa wetu wa Kindu, aliyesikia redioni mwezi wa nne kwamba wamerusha chombo kinachokwenda juu, kinarudi chini kizima kama ndege, halafu kinatumika tena. Mtu huyo hakulala. Sikukuu ya chama ilikuwa inakaribia, mwezi wa tano, na wakubwa walitaka kila mtaa uonyeshe kitu. Wenzake walitayarisha nyimbo. Yeye akataka roketi.

Na roketi inataka tumbo. Kindu nzima haikuwa na pipa zima la mafuta, kwa sababu mafuta yenyewe yalikuwa hayaji. Lilikuwepo langu tu, limelazwa uani, limekandikwa udongo, na humo njo nilikuwa naoka mikate ya wafanyakazi wa bandarini. Marehemu mume wangu aliniachia hilo pipa na watoto. Hakuniachia kitu kingine.

"Mama Hadidja," Onema akaniambia, "unatoa kwa ajili ya taifa. Na hii roketi njo ya kurudi. Sikukuu ikiisha, unachukua pipa yako, unaoka."

Ningesema nini? Ukimkatalia katibu, kesho unaitwa ueleze kwa nini hupendi chama. Walibomoa udongo wangu kwa sururu mbele ya macho yangu. Tena niliwapa chai, mjinga mimi.

Fundi Okito, seremala wetu, akaweka mabawa ya bati, pua ya kikapu, na rangi ya kijani. Wakasimamisha mlingoti mrefu uwanjani, wakafunga kapi na kamba ya meli. Roketi ipande polepole, watu waimbe, kisha ishuke. Siku ya kwanza ya kujaribu, kamba ilikatika. Walipoleta nyingine, kapi likakwama, roketi ikaning'inia katikati kama mbuzi wa buchani. Halafu wakachoma majani mabichi ndani yake ili utoke moshi, na wacheza animasiyo, zile ngoma za kusifu chama, wakakohoa mpaka wimbo ukawashinda.

Kila nikienda kuuliza, Onema ananijibu upuuzi uleule. "Ni teknik, Mama. Hata Waamerika, mashine yao iliwagomea siku ya kwanza, wakangoja."

"Waamerika wanaokea mkate ndani ya roketi?" nikamuuliza. "Watu wa bandari hawangoji teknik yako. Geneviève anavuka mto na beseni lake la mikate kila asubuhi kutoka Alunguli."

Huyo Geneviève, serikali ilimkataza jina hilo la Kizungu, sisi tukambakizia. Anaoka vizuri, sitamsema vibaya. Lakini mteja ni kama kuku, akizoea mtama wa jirani harudi kwako. Nilijua pipa likichelewa zaidi kurudi, nimekwisha.

Sikukuu ikafika. Mkubwa wa chama kutoka Bukavu hakufika kwa wakati, maana ndege yake nayo ilikuwa na teknik yake. Tukasimama juani mpaka wanafunzi wakaanza kuzimia. Na katika kungoja huko Onema akapata wazo jipya, Mungu atuepushe na mawazo ya Onema. Akapigilia juu ya tumbo la roketi picha kubwa ya rais wetu, Guide, na kofia yake ya chui.

Mkubwa alipofika, akakaa kitini, wakavuta kamba. Kapi halikukwama. Siku ile tu, halikukwama. Roketi ikapanda hadi kileleni, akina mama wakapiga vigelegele, mkubwa akapiga makofi. Hata mimi nilifurahi, sikatai, ilikuwa nzuri. Ilibaki kushuka tu. Okito akashika kamba, akaanza kuilegeza.

"Unafanya nini, wewe?" mkubwa akauliza.

"Tunaishusha, Citoyen."

"Munamushusha nani?"

Kila mtu akatazama ile picha, kisha akatazama miguu yake. Onema alikuwa amefikiria mabawa, moshi, kila kitu. Hakufikiria kwamba roketi ya kurudi itamrudisha Guide chini mbele ya watu wote. Okito akaifunga kamba kwenye mlingoti.

Nikapita mbele. Wanawake walinivuta nguo, nikajinasua. "Mukubwa, samahani. Picha iko yenu, ibaki juu. Pipa iko yangu, ni tanuru yangu ya mukate. Fundi apande, atenganishe."

Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo njo iliniudhi kuliko kofi. "Mama, Guide amekubali kukaa juu ya kitu chako. Unataka kumuondolea kiti?"

Akanipa kitenge cha chama chenye sura ileile, watu wakapiga makofi, nikasema asante.

Kesho yake asubuhi watu wa bandari walikuja mlangoni kwangu, wote, kwa sababu nilikuwa nimewaapia kwamba sikukuu ikipita mkate utakuwepo. Mbele yao alikuwa Masudi, msimamizi wao, na kikapu mkononi.

"Mama Hadidja, mukate iko?"

Hasira ikanipanda. Nikanyoosha kidole kule mlingoti ulikoonekana, juu ya mabati ya nyumba.

"Iko. Iko kule juu. Mumuulize mwenye kuikalia."

Hakuna aliyecheka. Walitazama nyuma yao, wakatazama dirisha la jirani. Masudi akakikunja kikapu chake polepole.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "sisi leo hatukufika hapa."

Wakateremka bandarini, kwenye beseni la Geneviève.