Saa ya Bafuni

Kila siku, ikifika saa kumi kamili alasiri, swichi kubwa ilishuka yenyewe. Tak! Friji ikanyamaza, feni ikazunguka kivivu mpaka ikasimama, na bibi akabaki ameduwaa katikati ya sebule, masikio yamemsimama.

Binti yake alikwishatoa neno la mwisho. Dawa ya sindano ya kisukari ya bibi hukaa ndani ya friji, na friji ya kubahatisha itamuua mtu. "Leo isipotengemaa, mama, jioni nakuja na gari. Tunafunga nyumba."

Ndipo akaitwa fundi, mtu mzima mwenye mvi za hapa na pale, jina lake la mtaani Shoti.

"Fundi umeme kuitwa Shoti?" bibi alimuuliza. "Si sawa na daktari kuitwa Maiti?"

"Walinipa wateja wa zamani, bibi. Wale waliobaki hai."

Shoti akachomoa friji, feni, pasi na birika. Akazima swichi zote kisandukuni, kisha akaziwasha mojamoja, akitulia kidogo kila mara. Kimya. Saa kumi ikafika. Kitu kikalia tak ndogo nyuma ya ukuta, kisha TAK! Swichi kubwa ikashuka.

"Sijaacha kitu kwenye soketi hata kimoja," akasema. "Kule ndani kuna nini?"

Alikuwa akiutazama mlango wa bafu.

"Huko ndiko alikoanguka mzee wangu. Ina miezi minane. Sijaufungua."

"Bila kuufungua, bibi, mimi naenda zangu, na wewe utaenda zako kwa binti yako."

Taratibu bibi akafungua fundo la mtandio, akatoa ufunguo.

Harufu ya sabuni ya mzee iliwapokea mlangoni, mbichi kabisa. Juu ukutani palikuwa na hita ya maji, kutu imechuruzika hadi chini. Kando yake palikuwa na saa ndogo ya kuiwashia. Mzee aliifunga kwa mkono wake na kuitega saa kumi, ili bibi apate maji ya moto ya kukanda magoti. Miezi yote minane hita ilikuwa ikimchemshia, mpaka chuma chake cha moto kikatoboka, maji yakaingia kwenye umeme.

"Mchawi huyu hapa!" Shoti akacheka. Akakata waya za hita, akazifunga utepe. Kisha akaitazama ile saa. Akaitazama simu yake. Kicheko kikamkauka.

"Bibi, saa hii haina betri. Umeme bado umezimika. Inatembeaje?"

Ilionyesha saa kumi na robo. Simu nayo, kumi na robo.

"Niing'oe?" akauliza, mkono hauinuki.

Bibi aliyemwogopa marehemu miezi minane akaigusa saa kwa kidole. Ilikuwa na uvuguvugu.

"Iache. Hakuwahi kuchelewa huyu."

Shoti akapandisha swichi, akaondoka na kusahau bisibisi yake. Hakuirudia.

Binti alipokuja alikuta friji inaunguruma. Akaonyeshwa waya za hita zilizokatwa, akasubiri, hakuna kilichozimika. Akarudi peke yake na gari lake.

Kesho yake, saa kumi, ikalia tak ndogo nyuma ya ukuta. Feni ikaendelea kuzunguka.

"Nimesikia, mzee," bibi akajibu, akainuka kwenda kuinjika maji ya magoti yake.