Ratemo Kwenye Spika

Sikio langu la kulia lilikufa nikiwa msichana, na la kushoto hufanya kazi likitaka. Huwa namwambia kila mtu mapema, asije akadhani namdharau. Watu wa Keroka walishazoea; wakinisalimu huja upande wa kushoto na kupaza sauti kama wanaoita ng'ombe. Kwa hiyo mwaka ule Gopal alipoleta simu yenye spika dukani kwake, aliyefurahi kuliko wote nilikuwa mimi.

Mume wangu Ratemo alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha katani karibu na Voi. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, wiki moja tu, na kila Jumamosi alasiri alinipigia kutoka kibanda cha simu. Simu niliyopokelea ilikuwa ya duka la Gopal. Mkulima wa chai kama mimi angetoa wapi simu yake siku hizo? Miaka yote nilikuwa naubana mkonga wa simu kwenye sikio la kushoto hadi linauma, nashika neno moja hapa na jingine pale, yaliyobaki najitungia mwenyewe.

Gopal aliinunua ile simu ili aongee na wauzaji wake wa jumla huku mikono yake ikipima sukari. Ikilia, unabonyeza kitufe, mkonga unabaki mahali pake, na mtu anasikika duka zima. Jumamosi ya kwanza alibonyeza, nikamsikia Ratemo akikohoa. Sikuwa nimewahi kusikia kikohozi cha mume wangu kwenye simu. Nikalia pale mbele ya magunia ya mchele, na Shobha, mke wa Gopal, akaniletea kiti.

Shida ni kwamba sikukaa peke yangu. Benter, aliyeuza samaki kwenye baraza ya duka, alianza kuja kusimama nyuma yangu. Akaja shemeji yangu Obwocha, mdogo wake Ratemo, wakaja na wanakwaya wa kanisa letu. Tulikuwa tukiongea Ekegusii, Kikisii chetu, lakini nani hakukijua? Shobha alizaliwa papo hapo Keroka, alikisema vizuri kuliko binti yangu Marion. Benter, mtu wa ziwani, alidai haelewi, ila alicheka mahali pa kuchekea.

Walinisaidia, siwezi kusema uongo. Neno likinipita, wanne walinipigia kelele sikioni. Ratemo akiuliza kama ng'ombe amezaa, Obwocha alishajibu kabla sijafungua mdomo. Wakamaliza kwa kumsalimu mmoja mmoja hadi sarafu zake zikaisha. Ndiyo maana nilichelewa kukasirika. Utamkasirikiaje mtu anayekusaidia?

Naye Ratemo akabadilika. Zamani, hata niliposikia nusu nusu, nilijua kuna mahali katika mazungumzo sauti yake inashuka na kuwa yangu. Sasa aliongea kama chifu kwenye baraza: mvua, mbolea, karo ya Marion, wasalimie wote. Kwetu kuna ensoni, ile aibu ya heshima, na hakuna mwanamume atakayemwambia mkewe neno laini huku ndugu yake akisikiliza. Nilikuwa nimepata kila neno la mume wangu, na hakuna hata moja lililokuwa langu. Hilo liliniuma sana.

Desemba akataja kwenye spika siku atakayofika. Basi. Alipoteremka Keroka, Obwocha alikuwa steji ya mabasi na mgogoro wake wa mpaka wa shamba, wanakwaya walikuwa na harambee yao, na binamu mmoja alitaka msemaji wa kwenda naye kuposa. Mimi nilikuwa nyumbani, kuku ameiva, nikisubiri. Alifika akiwa amechoka, na asubuhi walikuwa mlangoni tena. Ile wiki waliigawana hadi ikaisha. Mimi nilimpata akiwa amelala. Nilikuwa nakaa kitandani namtazama, na siku ya kuondoka nilimbebea mkoba hadi barabarani bila kumwambia lolote, kwa sababu Obwocha alikuwa akitembea katikati yetu.

Mwaka uliofuata, likizo ilipokaribia, nilijua Jumamosi ile atataja siku. Wao pia walijua, duka lilijaa. Simu ikalia, Gopal akanyoosha kidole kwenye kitufe, nami nikaunyanyua mkonga.

"Mama Marion, wacha nibonyeze," Gopal alisema. "Na hiyo hutasikia kitu."

"Basi nisisikie."

Obwocha akauliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, nina siri gani na kaka yake. Benter akasema pengine kuna mwanamke huko Voi. Mkonga sikuuachia. Kisha Shobha akazima redio, akatoka nyuma ya kaunta.

"Kila mtu nje," alisema. "Hata wewe, Baba Ravi."

Gopal akatoka nje ya duka lake mwenyewe na upawa wa sukari mkononi. Shobha alitoka wa mwisho, akarudisha mlango.

Nikamwambia Ratemo niko peke yangu, nimeshika mkonga, aseme anachotaka kusema. Halafu akaanza. Alisema muda mrefu kuliko siku yoyote, na mimi nilisikia kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto uliofurika. Ningemwambia arudie, angepaza sauti, na sauti ya kupaza haiwezi kusema mambo hayo. Kwa hiyo niliitikia ee, ee, na machozi yakanitoka kwa sababu sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nje wakaniuliza anakuja lini. Nikawaambia sijui, na ilikuwa kweli tupu. Hawakuniamini. Obwocha aliwapanga jamaa zake kwa zamu pale steji kama askari.

Mimi nami nilisubiri kwa hofu yangu. Kila asubuhi nilifagia uwanja, nikijilaumu kwamba nimejifanya mjanja na sasa sijui hata siku ya kumchinjia mume wangu kuku. Alasiri moja mvua ilinikuta kwenye majani chai, kikapu mgongoni, gunia la nailoni kichwani. Nikaona mtu anapanda kutoka upande wa Nyansiongo, amelowa, viatu mkononi, na hasira mguuni.

"Nilikwambia unipokee Nyansiongo," Ratemo alisema. "Nishuke huko, tupite mashambani, tusionwe Keroka. Nimesimama pale mvua yote."

"Sikusikia."

"Ulisema ee."

"Ningesema nini? Watu walikuwa mlangoni."

Alinitazama, mimi na gunia langu. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaviangusha viatu, nami nikacheka, na hapakuwa na mtu mwingine katika kilima kizima. Huko steji walikuwa bado wanapokezana zamu.

Hapakuwa na kuku. Nilimpikia ugali na mboga, akakausha miguu karibu na moto, mlango tumeufunga. Nilihamisha kigoda changu ili awe upande wa kushoto. Nikamuuliza siku ile, mbali na habari ya Nyansiongo, alisema nini kingine muda wote ule.

Akaona haya. Mwanamume mzima, fundi wa mashine, alichokoa moto kwa kijiti na kusema ameshasahau. Nikamwambia hajasahau. Akageuka kutazama mlango, akanisogelea, akaweka mdomo kwenye sikio langu na kuyasema yote tangu mwanzo, polepole, kwa ile sauti ya chini.

Nilisikia kila neno. Nikamwambia sijasikia, arudie.