Ushuhuda wa Muzee Nsanzimana

Wiki ya tatu baada ya volkano kushuka mjini, shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alituita watu wa avenyu yetu tuje tuonyeshwe parseli zetu, kila mtu kiwanja chake. Hazikuonekana. Pale tulipoacha nyumba za mbao na migomba tulikuta jiwe jeusi lililovimba, bado linatoa moshi. Ukisimama mahali pamoja muda mrefu, soli ya kiatu ililainika. Hakuna aliyejua mlango wake ulikuwa wapi, isipokuwa Muzee Nsanzimana.

Yeye alikuwa mwalimu, na ndiye aliyeshika kamba siku avenyu yetu ilipopimwa mara ya kwanza. Tena alikuwa muzee wa kanisa letu, na kila Jumatano alitufundisha Biblia. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kumcha Mungu.

"Musifikiri ni kutetemeka," alikuwa akisema. "Askari akipita unatetemeka, halafu akishapita unamutukana. Ile si kucha. Kumucha Mungu ni kujua anakuona hata pale hakuna mutu anakuona, na kukataa kufanya kile anachukia. Hekima inaanzia pale. Mutu aliyesoma sana bila hiyo ni mujinga mwenye diplome."

Léocadie alikuwa akicheka kwa maneno hayo, akiwa benchi la mbele. Alikuwa mjane, fundi wa kushona, aliyefika Goma kutoka milima ya Masisi baada ya mume wake kuuawa vitani. Parseli yake ilikuwa kwenye kona ya barabara kubwa. Wapita njia walimwona na cherehani yake, wakaingia. Siku ya volkano alikimbilia Gisenyi amemshika binti yake Bénita mkono, sufuria kichwani. Karatasi za parseli ziliungua ndani ya kabati.

Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Siku mbili kabla ya kuonyeshwa parseli, komanda wao mmoja alimfuata Muzee Nsanzimana kwa shemeji yake, upande wa Lac Vert, alikokuwa amepewa chumba. Haya tuliyajua baadaye, kutoka kinywani mwake mwenyewe. Komanda alivua kofia, akamsalimia Mama Julienne, mke wa muzee, akapokea chai.

"Muzee, ile kona ya barabara ilikuwa ya nani?"

"Ya Mama Léocadie, fundi wa nguo."

Komanda akanywa chai polepole. "Minasikia watu wanakuita mutu wa hekima. Mutu wa hekima anaweza kukumbuka vizuri zaidi." Akawatazama mabinti wawili wa muzee waliokuwa wakianika maharagwe uani. "Wasichana wako wamekomaa," akasema, akavaa kofia, akaenda.

Siku ilipofika, muzee alianza kuhesabu hatua kutoka ukuta wa kanisa uliobaki umesimama. Hapa ni kwa Namegabe. Hapa ni kwangu mwenyewe. Alipofika kona hakuinua macho.

"Hapa ni pa komanda. Alipanunua kabla ya volkano. Mama Léocadie ni kule nyuma."

Kule nyuma kulikuwa na korongo, kabla lava haijalijaza. Watoto wetu walikuwa wakitupa takataka mle.

"Muzee," Léocadie akasema, "tulipakana miaka saba. Ulikuwa unanipa chumvi juu ya ukuta."

Shefu hakutaka maneno mengi. Alitoa Biblia, akamwambia muzee aape. Muzee akaweka mkono, akaapa. Léocadie akatutazama mmoja mmoja. Sote tulijua. Mimi nilipimiwa nguo kwenye kona ile sijui mara ngapi. Niliangalia viatu vyangu.

Léocadie alijenga kibanda juu ya lile korongo. Mvua za Septemba zikaleta maji, mwaka uliofuata wakuu wa mji wakasema mfereji utapita pale, kibanda kikavunjwa. Léocadie akahamia Munigi, akawa anaponda mawe ya volkano kuwa kokoto za kujengea. Bénita aliacha shule. Komanda alijenga kwenye kona nyumba ya ghorofa.

Jumatano Léocadie aliendelea kuja, ila sasa alikaa karibu na mlango. Siku moja aliinua mkono.

"Muzee, tufundishe tena kumcha Mungu. Nimesahau maana yake."

Muzee aliangalia saa yake, akasema wakati umekwisha, tusimame tuombe.

Uasi ulipoisha na majeshi kuunganishwa, komanda alihamishiwa Kinshasa. Aliuza nyumba kwa mfanyabiashara mmoja kutoka mji wa Kiwanja. Hapo ndipo Muzee Nsanzimana alipopanda kwenda Munigi. Alimkuta Léocadie juu ya lundo la mawe, akapiga magoti kwenye kokoto, akaeleza yote. Léocadie hakuacha kuponda.

"Komanda alienda lini?"

"Mwezi moja sasa."

"Basi ulingoja mwezi moja."

"Niliogopa, mama. Niko na mabinti."

"Hata mimi niko na binti." Akaweka nyundo chini. "Siulizi kwa nini uliogopa. Ungekuja siku ile ile, ukaniambia, mama, wamenitisha, achilia ile kona, ningeachilia. Kwa ajili ya watoto wako ningeachilia. Lakini uliapa. Mbele ya watu wote ulinifanya mwongo, ukamushika Mungu mukono akusaidie."

Muzee akaomba msamaha. Léocadie akamwambia aende kwanza akaseme kwa shefu na kanisani, ndipo arudi waongee.

Alikwenda kwa shefu. Shefu alijibu kwamba karatasi zimeshasainiwa, na mnunuzi hana kosa. Jumapili akasimama mbele ya kanisa, akasema yote, chai, mabinti, kiapo. Alilia mpaka akashindwa kusimama. Pasta Théogène akamshika bega, macho yake yamejaa machozi.

"Mumeona? Huyu ndiye mutu anayemucha Mungu. Nani kati yenu anaweza kujishusha hivi?"

Kwaya ikaanza wimbo. Wamama wakapiga vigelegele, wazee wakapanga mstari kumkumbatia. Léocadie alikuwa mlangoni, na hakuna aliyegeuka nyuma. Nilitoka nikamkuta nje akifunga kitambaa kichwani.

"Kona alinipokonya," akasema. "Sasa hata ubaya aliyonitendea imekuwa sifa yake."

Akashika njia ya Munigi.

Mwaka ule Muzee Nsanzimana alichaguliwa mkubwa wa wazee wote. Watu wa makanisa mengine walikuja kumuomba mashauri, na kila aliyekuja alisimuliwa kwanza jinsi alivyotubu. Sidhani kama alijifanya. Machozi yake niliyaona. Lakini parseli yake mwenyewe, yenye nafasi ya nyumba ya pili, hakumtajia Léocadie. Pasta hakumkumbusha. Na mimi niliyekuwa na kipande kitupu nyuma ya jiko nilikijaza udongo, nikapanda maharagwe.

Léocadie hakurudi kanisani kwetu. Nilikutana naye mara moja barabarani Munigi, beseni la kokoto kichwani. Tulisalimiana, akaniuliza habari za watoto wangu, nikajibu wako salama. Alingoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema. Nikamwambia nimechelewa, nikaenda.