Baba Alivyomlalia Bwana Harusi

Siku sita kabla ya harusi ya dada yangu Rosalyn, baba alitangaza mezani kwamba hatamsindikiza madhabahuni kama Dale Oberholt atakuwa kanisani. Tatizo dogo tu: Dale ni baba wa bwana harusi.

Kisa chenyewe kilikuwa mechi ya Jumapili, ya futiboli ya Kimarekani. Zimebaki sekunde arobaini, Pittsburgh tunaongoza kwa pointi mbili, na wageni wako kwenye jaribio lao la nne, la mwisho. Mrushaji wao kabla hajaachia mpira, mlinzi wetu akamfikia, akamkumbatia, wakaenda chini wote wawili. Mechi imekwisha. Baba amekwisha simama juu ya kochi. Hapo refa akarusha kitambaa cha njano, ishara ya madhambi: eti mlinzi amemlalia mrushaji kwa uzito wote wa mwili, na sheria hairuhusu. Wageni wakapewa yadi kumi na tano za bure, wakapewa na majaribio mapya, wakapiga mpira katikati ya milingoti. Pointi tatu. Baba akashuka kochini polepole kama mtu anayetoka kumzika nduguye.

Kama Dale angenyamaza, tusingefika huko. Lakini Dale anatokea Cleveland, Ohio, kwa mahasimu wetu wa jadi, jambo ambalo tayari lilikuwa limemtoa baba machozi siku ya uchumba, na zaidi ya hapo ni refa. Huchezesha mechi za shule za sekondari kila Ijumaa, na kitambaa chake cha njano hakimtoki mfuko wa nyuma, hata akienda kununua maziwa. Akapiga simu jioni ileile kutoa pole. Katikati ya pole akasema, "Ila Len, madhambi yalikuwepo."

Baba akakata simu.

Rosalyn alijaribu kila njia. Alibembeleza, alinuna, alimtuma mama. Siku zikapita. Alhamisi mchana akacheza karata ya mwisho: akamwita Dale na mwanawe Travis, bwana harusi mwenyewe, waje kutusaidia kupanga biskuti. Kwetu keki ya harusi ni pambo la kupigia picha. Watu wanakuja kwa ajili ya meza ya biskuti, na familia isiyojaza meza hiyo itasemwa hadi wajukuu. Mama na shangazi zangu walikuwa wameoka wiki tatu. Madazeni yalijaa chumba cha chini ya nyumba, kutoka kwenye mashine ya kufulia hadi kwenye friji ya bia. Pembe za krimu, vikeki vya umbo la pembe vilivyojazwa krimu, ambazo ndizo fahari ya mama, zilikuwa kwenye masanduku bapa sakafuni, penye ubaridi.

"Mkiwa na kazi mikononi hamtagombana," Rosalyn alisema, akapanda juu kumfuata mama. Msomi mzima wa chuo kikuu, na bado alisema hivyo.

Dakika nne walipanga biskuti bila kugombana. Nilihesabu.

"Yule mlinzi alitanguliza mikono," baba akasema, akiongea na sanduku.

"Hakutanguliza, Len."

"Mtoto wa watu kajizuia kwa mikono miwili. Wewe macho yako uliyaacha Ohio?"

"Kifua kilitua juu ya kifua. Uzito wote. Kitabu kinasema wazi."

"Kitabu. Mtu ana pauni mia tatu, anakimbia, wewe unataka atue kama kipepeo?"

"Nataka ajigeuze ubavu. Wenzake wanaweza."

"Vince," baba akaniita, "hebu mwambie huyu refa."

Nikamwambia refa kwamba mimi nafunga riboni tu. Huku nyuma nilikuwa nimekwisha washa kamera ya simu, maana namjua baba yangu.

"Sasa nitakuonyesha," baba akasema, akivua sweta. "Travis, njoo hapa. Wewe ndiye mrushaji."

Travis ni fundi wa miwani. Kiuno chake ni sawa na paja la baba. Alimtazama baba yake, akamtazama baba mkwe, akashika sanduku la riboni kama mpira.

"Mzee, labda tutumie mto," alisema.

"Mto hauongei. Nikishatua, wewe utasema kama umeubeba uzito wote au nusu. Sema kweli tu, usiogope mtu."

Maskini Travis. Akisema nusu, amemkana baba yake. Akisema wote, amemuudhi mtu atakayekula naye kila sikukuu mpaka kufa. Dale akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, kama marefa wanavyosimama. Angeweza kusema neno moja tu, "acheni." Hakusema. Naye alitaka kujua.

Baba akaja.

Nimeona lori la taka likishindwa breki kwenye mteremko wa mtaa wetu. Hili la baba lilikuwa na sauti ndogo zaidi, lakini ni la aina ileile. Travis akaenda chali, baba juu yake, na wote wawili juu ya pembe za krimu. Madazeni sitini yakasema *fyuu*.

"Haya, sema," baba akauliza, bado amelala hapohapo. "Uzito wote au nusu?"

Travis alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Unaona? Halalamiki," baba akasema.

"Hana pumzi ya kulalamikia, Len."

Rosalyn alikuwa ngazini. Sijui alifika saa ngapi. Alishuka, akapita nyuma ya Dale, akachomoa kile kitambaa cha njano mfukoni mwake, akakirusha hewani. Kikatua kwenye krimu.

Wanaume wale wawili wakaganda. Ni ugonjwa wa huku kwetu. Kitambaa cha njano kikianguka, hata mwizi atasimama asubiri uamuzi.

"Madhambi," Rosalyn alisema, sauti ya upole kabisa. "Baba wa bibi harusi, kumlalia bwana harusi. Baba wa bwana harusi, kusimama unatazama. Adhabu: mtaoka pembe dazeni sitini, nyinyi wawili, kabla ya kesho jioni. Na kanisani mtakaa benchi moja."

Dale akakuna kidevu.

"Hiyo ya pili," Dale akasema taratibu, "haimo kwenye kitabu."

Baba akainua kichwa. "Kweli kabisa. Kusimama unatazama si madhambi. Dale, mwambie."

"Ndiyo ninavyomwambia, Len."

"Tunataka marudio," baba akasema, na hatimaye akatoka juu ya mkwewe. "Vince, najua umepiga picha. Lete hapa."

Wakaangalia mara tisa, kichwa kwa kichwa, krimu masikioni, wakisimamisha na kurudisha. Mikono ya baba haikugusa sakafu hata kidogo. Ilikuwa imekunjwa kifuani kama ya mtu anayelala usingizi.

"Kamera imekaa vibaya," baba akasema.

Wakaenda kusukuma unga. Zilitoka pembe mbaya kuliko zote zilizowahi kuwekwa mezani kwenye mtaa wetu.

Jumamosi baba alimsindikiza Rosalyn hadi mbele, kisha akaja kuketi benchi la kwanza, kando ya Dale. Travis alisema "nakubali" kwa sauti nyembamba sana, amejishika ubavu. Watu walidhani ni mapenzi.

"Nilitanguliza mikono," baba akamnong'oneza Dale.

"Hukutanguliza, Len."

Baba akasogea kidogo, akampa nafasi ya kunyoosha miguu.