Wageni Kabla ya Rangi Kukauka

Kalunde alikuwa mwanamke fundi wa rangi, na kazi ilimtoa kwao Ikutha hadi Mwingi, kupaka nyumba mpya ya wageni ya Mama Rahmo, mwenye duka. Alizunguka loji zote za mjini. Iliyokuwa rahisi ilikuwa na kunguni, na isiyo na kunguni ingemlia mshahara wote.

"Mama, si nilale tu huku ninakopaka?" aliuliza.

Rahmo akacheka. "Hakuna kitanda, hakuna hata pazia."

"Godoro nimekuja nalo."

Basi akawa mtu wa kuhamahama. Akimaliza kupaka chumba, anabeba godoro anaingia kilichokauka. Jioni alipika ugali uani huku akiimba nyimbo za kwaya, sauti ikivuma kwenye kuta tupu. Alijiona tajiri, nyumba nzima peke yake.

Siku ya soko, jua likizama, lori la mbuzi lilikatika ekseli karibu na lango. Dereva, Abdisamad, alikuwa amembeba mama mkwe wake, bibi mnene mwenye magoti mabovu. Abdisamad aliulizia vyumba kila mahali, kote kumejaa.

"Hapa mmefungua?" aliuliza.

Kalunde alitaka kusema bado. Kisha akamwona bibi amekaa juu ya jiwe, anasugua magoti.

"Karibu, susu," akasema, kama anavyomwita nyanya yake.

Alimpa chumba kikavu na godoro lake. Yeye akalala juu ya katoni kwenye chumba chenye rangi mbichi, macho yakimwasha.

Asubuhi Rahmo alifika, akakuta buibui limeanikwa dirishani na mbuzi wanakunywa maji kwenye karai la simiti.

"Kalunde! Nani amefungua nyumba yangu?"

Kabla Kalunde hajajibu, bibi alitoka. Hakusalimu sana, alianza kulalamika kwa Kisomali, akionyesha huku na kule. Bomba liko chini mno, mwenye magoti kama yake atainamaje kutawadha? Na nguo zitundikwe wapi, hewani?

Rahmo, Msomali mwenzake, alikunja uso. Halafu akaenda kwenye bomba, akajaribu kuinama mwenyewe, akashika kiuno.

"Wallahi ni kweli," alisema, na papo hapo akampigia simu fundi wa mabomba. Kufikia saa sita wale wanawake wawili walikuwa wanakunywa chai pamoja, wakimsengenya Abdisamad mbele yake.

Lori lilipopona, Abdisamad alimwita Kalunde kando.

"Nyumba yetu ya Garissa inataka rangi. Utakuja?"

"Nitakuja. Lakini loji za huko ziko aje?"

"Loji ya nini? Mama amesema utalala chumbani kwake." Akashusha sauti. "Lakini anakoroma kuliko hili lori."

Kalunde alimtazama bibi, aliyekuwa akisukumwa na Rahmo apande kiti cha mbele, wote wawili wakicheka hadi machozi.

"Wacha akorome," alisema. "Kitanda kipo?"