Mimba za Mstari wa Nne

Jumatatu ya kwanza ya Juni, kabla cherehani hazijawashwa, Puseletso alipita Mstari wa Nne na futi shingoni, akiwapima wajawazito matumbo ili waagiziwe aproni mpya. Walikuwa tisa. Kipimo kikubwa kilikuwa cha 'Makhotso, mshona zipu, ambaye mimba yake ilikuwa na miaka miwili na miezi mitano.

"Umeongezeka vidole vitatu," Puseletso alisema.

"Si mimi, ni huyu. Anakula ugali kama mchimba migodi."

Mwanamke mmoja aliyechelewa aliingia akivua blanketi lake, akasalimu: "Khotso!"

"Naam!" mtoto aliitika tumboni.

Mstari mzima ulicheka. Wakwe ndio waliompa 'Makhotso jina hilo siku alipoolewa, mama wa Khotso, kabla Khotso hajatungwa, kama ilivyo desturi. Na kwa kuwa neno hilohilo, lenye maana ya amani kwa Kisotho, ndilo salamu ya nchi nzima, mtoto aliitika mchana kutwa akidhani anaitwa.

Kiwanda hicho cha Maputsoe kilishona suruali za jinzi za kupelekwa ng'ambo. Langoni palikuwa na ubao ulioandikwa Ahadi ya Kampuni ya Kuheshimu Haki za Binadamu na Kazi ya Staha. Ibara ya tisa ilisema kwamba kila mwanamke aliyetimiza mwaka mmoja kazini atapewa likizo ya uzazi ya miezi mitatu na mshahara wake. Mikataba ilikuwa ya miezi kumi na moja. Ikiisha, mtu alikaa nyumbani wiki moja, akarudi kama mgeni, akaanza kuhesabu upya. Aliyejifungua katikati hakufukuzwa. Ila mkataba wake ulipoisha, hakuitwa tena.

Kwa hiyo wanawake waliacha kujifungua. Uchungu ulipomjia mara ya kwanza, 'Makhotso alimwambia mwanawe avumilie hadi mambo yakae sawa, naye mtoto, aliyekuwa na adabu, akatulia. Muuguzi wa zahanati alimpima kila mwezi na kuandika "anaendelea vizuri". Mumewe, aliyefanya kazi mgodini ng'ambo ya mpaka, alirudi kila Krismasi na kiatu cha mtoto kikubwa kuliko cha mwaka uliopita.

Mstarini hakuna aliyejua miezi kumi na moja ilitoka kichwani mwa nani. Puseletso alikuwa ameshona miaka sita katika mstari uleule, bega kwa bega na 'Makhotso, wakigawana mkate wa mchana. Alipopandishwa kuwa karani wa haki za wafanyakazi, meneja wa utumishi, Ntate Sekhonyana, alimwita wiki ya kwanza.

"Hii ibara ya tisa, mama, tutaitimizaje bila kiwanda kuyumba?"

Puseletso alitaka aonekane ana akili. "Labda mikataba isifike mwaka," alisema.

Ntate Sekhonyana aliweka kalamu chini. "Kumbe una kichwa!"

Puseletso alitoka ofisini siku ile akitembea kama aliyevishwa taji. Baadaye, alipoikumbuka, kilichomchoma zaidi kilikuwa ile furaha.

Juni hiyo ya kupima matumbo, Puseletso mwenyewe alikuwa mjamzito wa miezi saba. Karani ni mwajiriwa wa kudumu. Mimba yake ilichukua miezi tisa kama mimba za zamani, na Agosti akajifungua binti, wakamwita Relebohile. Alipewa likizo ya miezi mitatu na mshahara wake wote.

'Makhotso alikuja kumpongeza Jumapili, amebeba kibuyu cha uji wa mtama. Aliketi, akampakata mtoto juu ya mapaja, pale palipobaki nafasi.

"Mzuri. Pua ya baba yake, lakini tutafanyaje."

"Nani huyo?" Khotso aliuliza tumboni.

"Mtoto mwenzako."

"Yuko nje?"

"Ndiyo."

"Mkubwa kuliko mimi?"

"Wewe ndiye mkubwa."

"Sasa ametokaje?"

"Mama yake yuko ofisini," 'Makhotso alijibu. Alisema bila kijembe, kama mtu anayetaja siku ya wiki, na Puseletso akainuka kwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakukihitaji. Alisimama huko akishika mlango wa kabati mpaka uji ulipopoa.

Aliporudi kazini Novemba, wenye chapa ya zile suruali walikuwa wamemtuma mkaguzi, mwanamama mrefu mpole aitwaye Bi Hedvig. Alikagua mitungi ya kuzimia moto, akaonja maji ya kunywa, akaomba kuzungumza na wafanyakazi. Puseletso ndiye aliyetafsiri. Walipofika Mstari wa Nne, Bi Hedvig alitabasamu kuona matumbo yale tisa, akasimama mbele ya 'Makhotso.

"Muulize kama kuna mtu aliyewahi kufukuzwa hapa kwa kujifungua."

Puseletso aliuliza.

"Hakuna," 'Makhotso alijibu. Ilikuwa kweli. Siku hizi hakuna aliyejifungua.

"Na yeye ana miezi mingapi?"

Cherehani za jirani zilipunguza mwendo. 'Makhotso alimtazama Puseletso machoni, si kwa kumsihi, bali kumwachia nafasi. Kabla Puseletso hajasema lolote, mtoto alipaza sauti kwa Kisotho safi: "Mwambieni karibu natimiza miaka mitatu! Najua kuhesabu mpaka mia! Nataka kumwona baba!"

Bi Hedvig aliinama, mkono kifuani. "Anasema nini?"

Puseletso alihisi macho ya wanawake thelathini mgongoni. Nyuma ya mkaguzi alisimama Ntate Sekhonyana, akikuna kidevu.

"Anakusalimu," Puseletso alisema.

"Mtoto mwenye malezi," Bi Hedvig alisema, akaandika.

Hakuna aliyemzomea. Zipu ziliendelea kushonwa. 'Makhotso aliinamisha kichwa kwenye cherehani na kunong'ona kitu tumboni, na mtoto hakusema tena siku hiyo.

Saa nane Puseletso aliambiwa amlete binti yake kutoka nyumbani. Walipigwa picha langoni, Relebohile amefungwa blanketi jipya, Ntate Sekhonyana kushoto, Bi Hedvig kulia. Ripoti ilisema ibara ya tisa inatekelezwa kwa mfano wa kuigwa. Picha ilikuzwa ikawa kubwa kama mlango, ikatundikwa pembeni ya ubao wa Ahadi, na kila asubuhi wanawake wa Mstari wa Nne walipita chini yake. Puseletso alianza kuingia kwa geti la nyuma, la malori.

Februari, mkataba wa 'Makhotso ulikuwa umeisha, na wiki yake ya kukaa nyumbani nayo imepita. Alikuja ofisini peke yake, akaketi ukingoni mwa kiti kwa sababu kiti kizima hakikumtosha. Puseletso alikuwa na karatasi mbele yake, na nafasi ya miezi ilikuwa tupu. Ntate Sekhonyana alisaini mikataba bila kusoma. Angeweza kuandika kumi na mbili. Alikuwa amelifikiria jambo hilo njiani, akalifikiria akinyonyesha.

"Kabla hujaandika," 'Makhotso alisema, "kuna wa pili. Tangu Krismasi, baba yao alipokuja."

"Wa pili wapi?"

"Nyuma ya huyu. Wamebanana."

Puseletso aliitazama karatasi. Wawili wa mtu mmoja. Na wale wanane wengine wakisikia, watakuja wote na vipimo vyao, na swali la kwanza litakuwa nani aliyeandika kumi na mbili, na la pili nani aliyeanzisha kumi na moja. Aliandika kumi na moja. Mwandiko ulikuwa uleule wa kila siku, na hilo pia aliliona.

'Makhotso alisaini. "Si kitu, shoga," alisema, kama ndiye mwenye kufariji. "Wewe una mtoto mdogo."

Wino ulipokuwa ukikauka, sauti ya Khotso ilisikika chini ya meza, ya chini, ya kaka mkubwa. Hakuwa akisema nao.

"Ukisikia unasukumwa, kunja magoti," alimwambia mdogo wake. "Weka kichwa hapa. Sasa hesabu na mimi. Moja."

Puseletso aligonga muhuri, akaita jina lililofuata.