Kengele ya Mwalimu wa Zamu

Tangu saa nane mchana Salesio Mutugi alikuwa amenawa mikono mara nne, na mieleka yenyewe ilikuwa ianze saa kumi. Alikuwa nyuma ya pazia la turubai pale uwanjani Siakago, akienda kutoka kwenye ndoo ya maji hadi kwenye rundo la viti na kurudi, suruali yake ya kaki imepigwa pasi ikasimama, kalamu mbili nyekundu mfukoni mwa shati, fimbo kwapani. Hakuna aliyeweza kumkalisha. Mtu wa miaka arobaini na mitatu, kilo mia moja na tano, alikuwa hatulii kama aliyeingiwa na siafu kwenye soksi.

"Mwalimu, si ukae hata dakika tano?" Gikunda alimwambia. "Unanifanya nisikie ni kama mimi ndio napigana."

Gikunda ndiye aliyekuwa mwenye kikundi. Alikuwa Mmeru wa Githongo aliyemwachia kaka yake mashamba ya kahawa, akatengeneza ulingo wa kufunguliwa na kupakiwa kwenye lori, na tangu hapo akawa anazunguka nao masokoni. Alimwita Mutugi "Mwalimu" ingawa Mutugi hakuwahi kumfundisha mtu hata kuandika jina lake. Shule aliiacha darasa la sita. Mwalimu wa Zamu lilikuwa jina la ulingoni tu, na kwa miaka tisa, kutoka Gachoka hadi Githongo, hakukuwa na mwanamieleka aliyechukiwa kumzidi. Mieleka ya aina hiyo hupangwa mapema, nani aanguke na nani ainuliwe mkono, na Mutugi alipangiwa kuanguka kila mara. Watu walikuja kwa ajili hiyo hiyo, kumwona mwalimu akichapwa.

Wala hawakumchukia kwa ngumi zake. Walimchukia kwa muziki wake.

Wenzake waliingia kwa magitaa na makelele ambayo ungeyasahau kabla hujafika getini. Wake ulianza kwa spika kunyamaza kabisa. Kisha chuma: ngee! Rimu ya lori ikigongwa kwa nondo, mara tatu, polepole. Yeyote aliyesoma shule ya msingi upande huu anaijua sauti hiyo kwa mgongo wake. Ikafuata filimbi fupi. Kisha viatu juu ya kokoto, hatua moja, halafu nyingine, hatua za mtu asiye na haraka kwa sababu anajua utamngoja. Halafu sauti ya mwanamume anayengoja wachelewaji na fimbo: "Wa mwisho ni wangu!"

Hapo ndipo ngoma na kinanda vilipoingia, lakini nani alikuwa na habari na kinanda? Embu mjini, meneja mzima wa ofisi alionekana akitema bigijii kwenye kiganja na kuificha chini ya kiti. Gachoka, mama mmoja alivuta sketi ifike magotini kabla hajakumbuka kwamba ana wajukuu. Wote walishtuka kwanza, kisha wakaona haya kwa kushtuka, na haya hiyo ndiyo iliyowapandisha mori. Mutugi alipochomoza kwenye pazia, uwanja mzima ulikuwa unamzomea kwa roho moja.

Muziki huo aliutengeneza Nelius, mama wa Gachoka anayekodisha mahema, viti na spika. Ijumaa alikuwa mazishini, Jumamosi harusini, na mieleka ikipata nafasi aliichukua pia. Lakini kengele haikutoka kwenye mashine yake. Mutugi mwenyewe aliirekodi kwa simu wakati wa likizo, kwenye shule ile ile aliyoiacha, chini ya mti ule ule rimu iliponing'inizwa. Filimbi, hatua na yale maneno ya wa mwisho aliyaiga kwa mtu mmoja, Mwalimu Ngari, na leo Mwalimu Ngari angekaa mstari wa mbele kabisa. Mutugi ndiye aliyempelekea Ruguru, bintiye mwalimu, tiketi mbili.

Alikuwa amepanga kila kitu. Kengele ingelia, watu wangezomea, naye angeshika maiki kabla ya pigano na kuwaambia: mnayemzomea si mimi, ni huyu hapa. Angemtaja jina. Kelele yote ile, ya watu mia nne, ingemshukia mwenyewe alipokaa. Miaka tisa alikuwa ameibeba kwa niaba ya mwingine, na alikuwa amechoka.

Maana habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake alichoma makaa. Kila Jumapili jioni Mutugi alisaidia kufukua tanuri na kujaza magunia, na kila Jumatatu asubuhi mwalimu wa zamu alikagua kucha. Makaa yakiingia kwenye kucha hayatoki kwa sabuni ya kipande. Jumatatu moja, zamu ikiwa yake, Mwalimu Ngari alimwambia akunje vidole pamoja, ncha juu, akampiga kwa ukingo wa rula mpaka damu ikatoka. "Nenda nyumbani," akamwambia. "Utarudi zikiwa safi."

Mutugi alienda. Alisugua kwa mchanga wa mto, akasugua kwa majivu, akasugua kwa limau mpaka akalia. Jumatatu iliyofuata alifika getini, akazitazama kucha zake, akasikia rimu ikigongwa na ile sauti ikiita, akageuka. Jumatatu ya pili akageuka tena. Ya tatu, baba yake alisema basi kama ni hivyo abaki amsaidie. Ndiyo habari yote. Wengine walichapwa mara kumi zaidi na leo wanaisimulia wakicheka, na Mutugi alilijua hilo vizuri. Ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba kidonda chenyewe kilikuwa kidogo namna ile na bado hakijapona.

Saa tisa na nusu pazia lilifunguka na Ruguru akaingia, mwanamke mnene mwenye gauni la kanisani, anatabasamu na macho yamechoka.

"Mutugi, nimemleta," alisema. "Lakini wacha nikuambie mapema usije ukaumia roho. Mzee anasahau. Si kidogo. Leo asubuhi ameniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Mutugi alisimama tuli. Ilikuwa mara ya kwanza kutulia tangu saa nane.

"Anasahau vitu gani?"

"Vyote. Lakini nilimwambia kuna mwanafunzi wake amekuwa mtu mkubwa, anataka kumheshimu mbele ya watu. Wee, ungemwona! Amejipaka mafuta mwenyewe, akaitisha tai." Alimshika mikono yote miwili. "Hakuna mwingine aliyemkumbuka. Hata mmoja. Mungu akubariki sana."

Alipoondoka, Mutugi alienda kwenye ndoo akanawa mara ya tano. Alijisikia kama mtu aliyeibiwa. Alikuwa ameitunza hasira yake miaka thelathini, ameilisha na kuinywesha, na siku ya kuipeleka anaambiwa mwenyewe amehama. Utamwaibishaje mtu asiyejua alichofanya? Halafu akakasirika upya. Yaani asahau tu, hivi hivi, alale usingizi, na mimi nikumbuke kwa niaba ya wawili?

Alitoka kwa upande mpaka kwenye meza ya Nelius.

"Bado unataka ile maiki?" Nelius alimuuliza bila kuinua macho kwenye nyaya zake. Yeye peke yake ndiye aliyeujua mpango.

"Bado."

"Umesikia vile mzee yuko?"

"Nimesikia."

Nelius alikaza waya mmoja. "Mimi kila Ijumaa naona watu wakishika maiki na kumsema mtu hawezi kujibu. Wengine wamengoja hiyo siku miaka. Na sijaona hata mmoja akirudi kwa kiti yake akiwa ametulia."

"Niwekee tu, Nelius."

"Sawa. Maneno ni yako, spika ni zangu."

Saa kumi ilipita na dakika zake. Kaburu, mpinzani wake wa siku hiyo, aliyejiita Trekta ulingoni, aliingia wa kwanza, akashangiliwa, akazunguka ulingo akipiga kifua. Kisha spika zikanyamaza. Mutugi nyuma ya pazia alikuwa anaruka ruka mguu huu na huu. Ngee! Alisikia viti vikilia, watu wazima wakijirekebisha. Ngee! Mtoto mmoja akacheka kwa woga. Ngee!

Leo hakungoja ngoma ziingie; alipotoka, mazomeo yalimpiga usoni kama kawaida, lakini hayakuwa kamili. Upande mmoja wa uwanja ulikuwa unacheka. Akatazama mstari wa mbele.

Alimkumbuka Mwalimu Ngari kama mtu mrefu. Aliyemwona alikuwa mzee aliyezidiwa na koti lake, tai imefungwa vibaya, na alikuwa amesimama. Hakusimama kama waliosimamishwa. Alisimama kama mwenye kengele. Filimbi ilipolia kwenye spika aliinua kidevu. Hatua zilipoanza kwenye spika, akaanza kutembea, na hatua zake zikaangukia zile zile, kana kwamba hazijawahi kuachana.

"Wa mwisho ni wangu!" spika ziliita, na mzee akaita pamoja nazo, sauti yake nyembamba lakini haikutetemeka.

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Mzee aliwaendea watoto waliokaa chini mbele ya ulingo. "Mstari! Mfupi mbele, mrefu nyuma!" Na watoto, amini usiamini, wakainuka wakapanga mstari. Ruguru alimfuata akitaka kumshika mkono, kisha akaacha, akajifuta macho kwa kitambaa.

Kaburu aliinamia kamba. "Mutugi," alinong'ona, "hii iko kwa mpango?"

Mutugi alikuwa ameshaichukua maiki kwenye meza ya Nelius. Alikuwa chini ya ulingo, maiki mkononi, na maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Aliinua maiki. "Siakago!" aliita, na mazomeo yakapanda. "Mnamjua huyu mzee? Mnajua ni nani alinifundisha kutembea hivi?"

Uwanja ulitulia kumsikiliza. Ilibaki jina tu.

"Huyu," alisema Mutugi, "huyu ndiye aliyeni..."

Mzee alikuwa amemwona. Alimwona mtu wa kaki amesimama peke yake, nje ya mstari, anapiga kelele kengele ikiwa imeshalia. Akamjia moja kwa moja, bila haraka, akasimama mbele yake. Kichwa chake kilifika kwenye zile kalamu mbili nyekundu.

"Wewe," alisema. "Mikono."

Maiki ilianguka. Mutugi hakukusudia kuiangusha, wala hakukusudia kunyoosha mikono, lakini mikono ilikuwa imeshanyooka. Na vidole, vidole vya mtu aliyebeba wanaume wazima na kuwatupa chini, vilijikunja pamoja vyenyewe, ncha juu, vikangoja. Maiki ilikuwa bado inafanya kazi pale chini, kwa hiyo watu wote walisikia jinsi anavyopumua.

"Nani amekwambia ukunje?" mzee aliuliza.

Akavikunjua kimoja kimoja. Mikono yake ilikuwa mikavu na ya moto kidogo. Akavigeuza, akavisogeza karibu na macho, akakagua kila ukucha mpaka kidole kidogo, kisha mkono wa pili, hakuruka hata kimoja. Hakuna aliyecheka tena. Nelius alikuwa amezima kila kitu isipokuwa ile maiki.

"Safi," alisema Mwalimu Ngari. "Ingia darasani."

Mutugi alifungua mdomo. Alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na zaidi ya yote alitaka mtu huyo ajue neno hilo amempa nani. "Mwalimu," alisema, na sauti iliyotoka haikuwa ya kilo mia moja na tano. "Unanijua mimi?"

"Kengele imelia, hakuna hadithi," mzee alisema. "Umechelewa, lakini ingia."

Kisha akamwacha akaenda kwa mtoto aliyefuata. "Mikono."

Darasa halikuwapo. Palikuwa na ulingo tu, kwa hiyo Mutugi aliinama akapita katikati ya kamba, akaingia. Hakuwa ameirudisha mikono. Alikuwa ameishikilia mbele yake, imefunguka, na Kaburu alipomjia kwa ngumi ya kwanza ya mchezo hakukunja mikono kujikinga.

"Pigana bana," Kaburu alimwambia sikioni. "Mutugi. Pigana."

Hakupigana. Trekta akamwangusha kwa dakika mbili, na mwamuzi akahesabu mpaka mwisho, na watu wa Siakago, waliokuja kumwona mwalimu akichapwa, hawakushangilia. Pale chini bado ilisikika kwenye maiki sauti ya mzee ikiwaambia watoto wageuze mikono, na Ruguru akimwambia taratibu, baba, twende sasa, wamemaliza.

Mutugi alilala chali kwenye turubai la ulingo. Aliinua mikono juu ya uso, kwenye jua la jioni, akazitazama kucha zake moja moja. Zilikuwa safi. Zilikuwa safi tangu miaka mingi.